Mgongo wa Mzee Tadei

Sogeeni karibu, maana mtu ninayewasimulia hakupenda hata siku moja kusikilizwa na watu wachache. Jina lake Pankrasi, mkazi wa Bombambili hapa Songea. Kama ulipita barabara ya kwenda Namtumbo miaka ile ya soko huria, ulimwona, utake usitake. Alikuwa na pikipiki nyekundu, simu ya mkononi kiunoni ndani ya mfuko wa ngozi, na tumbo dogo alilolitanguliza mbele kama mtoto anayepelekwa kwa daktari.

Enzi za ushirika Pankrasi alikuwa karani wa mizani. Ushirika ulipoyumba na wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua tumbaku, wenzake walikaa chini wakalia. Yeye alibadilisha shati tu. Kesho yake alikuwa wakala wa wanunuzi wapya, akiwaambia wakulima walewale kwamba majani yao ni daraja la chini, kwa sauti ileile.

Lakini tumbaku ina msimu wake, na Pankrasi alitaka kuwa mtu wa mwaka mzima. Ndipo akaingia kamati ya UKIMWI ya kata. Jamani, hapo alifika nyumbani. Palikuwa na semina, palikuwa na soda na kuku, palikuwa na fulana nyeupe zilizoandikwa PIMA LEO kifuani. Pankrasi alijaza sanduku zima la fulana hizo. Siku za gulio pale Msamala alipanda juu ya kreti la soda, akakohoa kidogo kuwanyamazisha watu, akawahubiria habari za makundi hatarishi huku akiwatazama akina mama wauza pombe ya komoni. Akina mama nao walimtazama, kama watu wanaomtazama mteja wao wa zamani.

Mmoja wao alimuuliza siku moja kama yeye mwenyewe ameshapima. Pankrasi alijibu bila kupepesa macho kwamba mwalimu hafanyi mtihani. Watu wakacheka, naye akadhani wanamcheka yule mama.

Huyo ndiye mume. Sasa mke.

Mke wake aliitwa Lidwina, lakini nyumbani walimwita Mama Aurelia, kwa jina la binti yao wa kwanza. Alizaliwa Namtumbo, na shamba la tumbaku la Pankrasi lilikuwa huko huko, upande wa kwao. Nasema shamba la Pankrasi kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akisema hivyo. Aliyepanda, aliyepalilia, aliyevuna na aliyelala kwenye bani, kibanda cha kukaushia majani, akichochea moto alikuwa Lidwina. Tumbaku yetu hukaushwa kwa moshi. Majani yananing'inizwa juu, magogo yanafukizwa chini, na anayechochea huingia mle akiinama na kutoka akilia machozi. Kwa hiyo kule Namtumbo kukohoa si habari. Kila nyumba ina mtu anayekohoa, na kila anayekohoa anaambiwa ni moshi wa bani, anywe maziwa asafishe kifua.

Lidwina alikunywa maziwa. Alikunywa msimu ule, akanywa na uliofuata. Kikohozi hakikujua kwamba msimu umekwisha. Alikuja nacho Bombambili, akakohoa masika, akakohoa kipupwe, akatoka jasho usiku mpaka godoro likalowa. Mwili ukamwisha. Pankrasi, aliyekuwa amekaa semina nzima kuhusu dalili za kifua kikuu na kula kuku wake wote, alisema ni moshi. Alisema moshi wa bani haujawahi kuua mtu, na kwamba wanawake wa siku hizi wamekuwa laini.

Aliyempeleka Lidwina hospitali ni dada yake, Yasinta, aliyekuwa akikaa Msamala na hakuwa na subira na shemeji yake. Huko makohozi yalipimwa, ikaonekana ni kifua kikuu. Nesi wa kliniki ile, mama mmoja mnene aitwaye Ida, akamshauri apime na damu, aangalie virusi vya UKIMWI, kwa sababu magonjwa haya mawili hupenda kutembea pamoja, moja likifungua mlango na lingine likiingia. Damu nayo ikasema. Nesi Ida hakumficha kitu. Alimwambia kwamba miaka michache nyuma angemwombea tu, lakini sasa dawa za kurefusha maisha zimefika Songea. Wangeanza na kifua. Akimaliza miezi miwili ya mwanzo na makohozi yakawa safi, wangemwanzishia na hizo nyingine. Aje na mumewe apimwe. Na achague mtu wa nyumbani wa kumwona akimeza vidonge kila asubuhi, maana vidonge hivi havitaki mchezo.

Lidwina alirudi nyumbani akamweleza mumewe yote mawili.

La kupima Pankrasi alilimaliza upesi. Benchi la kliniki ile lilitazama barabarani, na mtu wa kamati hawezi kuketi pale kama mgonjwa. Alimwambia mkewe kwamba mume na mke ni mwili mmoja, padre mwenyewe aliwatangazia hayo altareni. Kwa hiyo kama yeye Lidwina amepimwa, basi wote wawili wamepimwa.

La mtu wa kumwona akimeza, Lidwina alimtaja dada yake. Pankrasi akakataa, eti Yasinta ana mdomo. Akamteua baba yake mzazi, Mzee Tadei.

Hapa ndugu zangu nawaomba mtulie, kwa sababu hapa ndipo pana werevu wote wa Pankrasi, na werevu wenyewe unanuka.

Mzee Tadei alikuwa mgane. Mkewe, marehemu Walburga, alikuwa amekufa zamani, na mzee aliishi kwenye nyumba ndogo nyuma ya ile ya mwanawe, uani hapohapo. Alikuwa Mngoni wa kale. Kwa watu wa aina yake, mke wa mwana hafumbui kinywa chake kula mbele ya baba mkwe, na baba mkwe hamkazii macho mke wa mwana. Chakula Lidwina alikitenga, akapiga goti, akaondoka. Wakikutana kwenye njia ya kisimani mmoja alipisha kando. Kwa miaka yote aliyokaa kwenye ua ule, mzee hakuwahi kumwona akitafuna hata punje ya mahindi. Hiyo haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na kwa heshima hiyo walipendana kuliko wengi wanaotazamana.

Pankrasi alilijua hilo vizuri sana. Alikuwa anatafuta msimamizi asiyeona, akampata nyumbani bila kutoka nje.

Basi ikawa hivi. Kopo la dawa lilikaa kwa mzee. Asubuhi aliweka vidonge vya siku hiyo kwenye kisosi, akaweka na kikombe cha maji, akaita, "Mama Aurelia." Kisha akageuza kigoda chake, akaketi akitazama ukuta. Lidwina alikuja, akapiga goti, akasema shikamoo baba. Mzee akasubiri kidogo, akauliza kama amemeza. Lidwina akajibu amemeza.

Alikuwa amemeza nusu. Nusu nyingine alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga, na Pankrasi alikuwa ndani akiingoja.

Kwa maana Pankrasi naye alikuwa anakohoa. Jasho la usiku naye lilikuwa limemwanza, na lile tumbo alilolitanguliza lilikuwa linarudi nyuma. Mwalimu alikuwa ameuona mtihani. Akamwambia mkewe kwamba mwili mmoja hunywa dawa moja. Alipoona Lidwina anasita, alimweleza yatakayotokea kama yeye mume ataonekana kliniki: kamati itamtema, wanunuzi watatafuta wakala mwingine, na yeye Lidwina atarudi Namtumbo kwenye bani peke yake, watoto wakibaki Bombambili. Alimwambia hayo taratibu, huku akifunga vifungo vya shati, kama anayemsomea hali ya hewa.

Lidwina alikuwa mgonjwa, amechoka, na ana watoto. Akagawa.

Najua mnamwonea hasira. Mimi simwonei. Mwoneeni hasira mtu aliyenyoosha kiganja kila asubuhi, akapokea nusu ya uhai wa mkewe, akaushushia kwa chai ya maziwa, kisha akavaa fulana ya PIMA LEO na kwenda kuhutubia gulio.

Nusu ya dawa huwa inafanya kazi ya kudanganya. Wiki za kwanza wote wawili walipata nafuu kidogo, na Pankrasi akajipongeza kwa kuokoa familia nzima kwa kopo moja. Kisha nafuu ya Lidwina ikasimama. Ikaanza kurudi nyuma. Miezi miwili ilipotimia, yeye na mzee waliitwa kliniki, makohozi yakapimwa tena, na vijidudu vilikuwa bado vimo.

Nesi Ida aliwaketisha ofisini kwake. Alikuwa mama wa sauti ya chini, na siku ile aliishusha zaidi. Aliwaeleza kwamba atawapa muda mfupi wa nyongeza. Makohozi yakitoka mabaya tena, Lidwina ataanza upya, safari hii kwa sindano, na zile dawa za kurefusha maisha zitasubiri. Halafu akasema alilokuwa hataki kulisema: kwa mwili ule aliokuwa nao Lidwina, hakuwa na hakika kama kuna kitu kinachoweza kusubiri.

Kisha akamgeukia mzee.

"Baba, unamwona akimeza?"

"Namsikia," alisema Mzee Tadei.

"Unamsikia?"

"Ni mke wa mwanangu, mama."

Nesi Ida alikuwa Mmatengo, mtu wa milimani, lakini alielewa mara moja. Mambo ya ukwe ni yaleyale milima yote. Hakucheka. Aliweka kalamu chini, akamwambia, "Baba, kifua kikuu hakina mkwe." Walipokuwa wanaondoka alimkumbusha mzee jambo alilomwambia siku alipomkabidhi kopo, kwamba dawa ile huupaka mkojo rangi nyekundu kama chai ya rangi. Akashauri kwamba kama kumtazama ni vigumu, basi binti wa Lidwina aangalie hiyo rangi chooni awe anamwambia babu.

Mzee alirudi nyumbani akiwa mzito. Njia nzima alitembea mbele, Lidwina nyuma, kama kawaida yao, na kila Lidwina aliposimama kuvuta pumzi, mzee naye alisimama, bila kugeuka.

Mke wa mwanawe anakufa, na yeye ndiye aliyepewa kumlinda, na hakujua mwizi anaingilia wapi. Aurelia aliulizwa, akasema mkojo wa mama ni mwekundu kabisa. Basi dawa inaingia. Mbona haifanyi kazi? Mzee alianza kudhani ni uchawi, na Pankrasi, kwa ukarimu wake wote, alimwacha adhani hivyo. Hata alimtajia mganga.

Sasa sikilizeni jinsi mtu mwenye makuu anavyojikamatisha.

Jumuiya ndogondogo ya mtaa husali kwa zamu nyumba kwa nyumba, na zamu ya nyumba ya Pankrasi ilikuwa Jumamosi ile. Padre alikuwa ameahidi kufika. Pankrasi asingeweza kupokea padre kwenye ua uliochakaa, akaagiza nyumba zote zipakwe chokaa, pamoja na choo. Vijana wakapaka Alhamisi. Ua ukang'aa kama kitambaa cha altare. Pankrasi alizunguka akiukagua, mikono nyuma, akiwaonyesha vijana sehemu walizoruka.

Alikuwa na tabia moja tangu ujana: haingii chooni kwa haja ndogo. Alisema harufu ya shimo si ya mtu kama yeye. Alizunguka nyuma ya choo, akasimama kwenye kona, akajisaidia ukutani, kama alivyofanya miaka yote ukuta ulipokuwa wa udongo mwekundu usioonyesha kitu.

Ijumaa asubuhi Mzee Tadei alipita nyuma ya choo akitafuta ufagio. Kwenye ukuta mweupe, kwa urefu wa kiuno cha mwanamume, palikuwa na mchirizi. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi.

Mzee alisimama pale mpaka jua likamfikia miguuni. Wanawake wa ua ule hawasimami ukutani. Wanaume wa ua ule walikuwa wawili, na yeye mkojo wake anaujua. Hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Vidonge alivyoviweka mwenyewe kwenye kisosi, kwa mkono wake, vilikuwa pale ukutani, na aliyekuwa amevimeza ni mwana wake wa kumzaa. Nadhani kilichomuuma zaidi ni kuelewa kwa nini alichaguliwa yeye. Heshima yake yote, aliyoirithi kwa baba zake, mwanawe aliigeuza kuwa pazia la kuibia.

Kesho yake, Jumamosi ya jumuiya, mzee aliweka vidonge kwenye kisosi kama siku zote. Akaita, "Mama Aurelia." Lidwina akaja, akapiga goti, akaamkia. Pankrasi alikuwa kwenye mlango wa nyuma, mswaki mdomoni, fulana mpya kifuani, akisubiri zamu yake.

Mzee hakugeuza kigoda. Alikaa akimtazama Lidwina usoni.

Lidwina alijifunika kwa khanga haraka, kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga. Mzee mwenyewe hakuwa anafanya jambo dogo. Alikuwa anatupa kitu alichokibeba tangu akiwa kijana.

"Mama," alisema, "meza vyote. Kisha nifungulie kinywa nione."

Pankrasi aliutoa mswaki mdomoni. Alisema, "Baba, hii ni aibu."

"Aibu iko ukutani nyuma ya choo," mzee alimjibu bila kumtazama. "Nenda ukaipake chokaa, padre hajafika. Kisha uje hapa."

Ingekuwa hadithi ya watu wakubwa, ningewaambia kwamba Pankrasi alijitetea kiume, au alitubu. Alisema tu "ukutani wapi?" kwa sauti ndogo, sauti ambayo gulio la Msamala halikuwahi kuisikia. Akaenda. Alikuta ndoo ya chokaa iliyobaki, akapaka, na kwa kuwa hakuwahi kushika brashi maisha yake yote, alipaka mpaka kwenye suruali.

Lidwina aliiteremsha khanga. Alimeza kidonge kimoja kimoja, vyote, baba mkwe wake akitazama. Halafu akafungua kinywa. Mzee akatazama ndani yake kwa makini, kama anayetazama ndani ya kisima, akaitikia kwa kichwa. Lidwina baadaye alimwambia dada yake kwamba alijisikia uchi, na kwamba hakuwahi kutunzwa namna ile tangu mama yake mzazi alipofariki.

Pankrasi aliporudi, mzee alimwambia aketi chini. Chini, si kwenye kiti. Alimwambia kwamba kopo lile ni la mtu mmoja, na kuanzia siku ile yeye Tadei ataona kila kidonge kinapopita. Anayetaka chake akakitafute panapotolewa. "Huko watakuuliza nani atakuona ukimeza. Taja jina langu."

Padre alifika, jumuiya ikasali, Pankrasi akaongoza litania akiwa na chokaa kwenye kucha.

Mliokuwa mnangoja aende kliniki ya mjini na kuketi kwenye benchi lile linalotazama barabarani, samahani. Pankrasi alikwenda Njombe. Safari ya mchana kutwa, mlima na baridi, mradi tu asionwe na mtu wa Songea. Kwa mkewe na majirani alisema ameanza biashara ya viazi. Huko Njombe akaingia kwenye foleni ya kliniki, kofia imeshushwa machoni, na aliyekuwa mbele yake kwenye foleni akageuka. Alikuwa Leodegari, mwenyekiti wa kamati yao ya UKIMWI ya kata. Walitazamana. Leodegari ndiye aliyetangulia kusema, akasema amekuja kwenye viazi. Pankrasi akasema naye ni viazi vilivyomleta. Wakasogea mbele pamoja, watu wawili wa viazi, mpaka dirishani.

Tangu hapo, kila alipokwenda Njombe ilibidi arudi na gunia, ili uongo uwe na ushahidi. Nyumba ile ilikula viazi vya kuchemsha, vya kukaanga, vya kuchanganya na maharage, na Lidwina, aliyekuwa amekwisha kama ufito, akaanza kujaa mashavu. Makohozi yake yalipopimwa tena yalikuwa safi. Nesi Ida alimwanzishia zile dawa nyingine, na akamuuliza mzee kama sasa anaona. Mzee alisema anaona mpaka jino linalouma.

Pankrasi bado anapanda juu ya kreti pale Msamala. Tumbo limerudi, fulana imerudi kubana. Bado anasema pimeni, ndugu wananchi, na akina mama wa komoni bado wanamtazama, ila sasa kuna mmoja humuuliza bei ya viazi. Jioni hurudi nyumbani, na asubuhi huketi chini uani kama mtoto wa chekechea, akameza, akafungua kinywa mbele ya baba yake. Mkewe huwa ameshamaliza zamani na kwenda zake.

Dawa za kifua za Lidwina zilipokwisha, zile za kurefusha maisha hazikuwa na mwisho. Siku moja, kwa adabu yake, alimuuliza baba mkwe kama hataki kukigeuza kigoda tena kitazame ukuta kama zamani. Yeye mwenyewe atameza vyote, hana tena wa kumgawia.

Mzee Tadei alimsogezea kisosi.

"Nimezeeka, mama," alisema. "Kugeukageuka kunaniumiza kiuno. Meza."